Barua ya wazi kwa wapitisha michoro wa Mwanza: kabla ya muhuri, ulizeni maji yanakwenda wapi

Kwa: Wakurugenzi wa halmashauri, wahandisi, maafisa mipango miji, maafisa ardhi na wajumbe wa kamati za vibali vya ujenzi,
Mwambao wa Ziwa Victoria,
Mkoa wa Mwanza.

Waheshimiwa,

YAH: UKAGUZI WA MICHORO YA MIUNDOMBINU NA UTOAJI WA VIBALI VYA UJENZI MITEREMKONI NA KANDO YA ZIWA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tunaoandika ni wahandisi, wapima ardhi, wachoraji na mafundi sanifu tunaofanya kazi zetu Nyamagana, Ilemela na vitongoji vyake. Njia ya kawaida tumeipita yote. Barua zimepelekwa masjala na kugongwa muhuri wa kupokelewa, hoja zimesemwa vikaoni, na michoro yenye kasoro imerudishwa ikiwa na maelezo ya pembeni kwa kalamu nyekundu. Jibu limekuwa lile lile: suala lenu linafanyiwa kazi. Misimu ya mvua imekuja na kupita, nalo bado linafanyiwa kazi. Ofisi yoyote hatuitaji kwa jina, kwa kuwa kasoro tunazozieleza zinajirudia kila mahali penye mlima na ziwa.

Hoja yetu kubwa ni moja. Mchoro unapofika mezani, unakaguliwa kilichomo ndani ya mipaka ya kiwanja: vyumba vingapi, kuta ziko umbali gani kutoka kwa jirani, ada imelipwa, muhuri wa mtaalamu upo. Hatari ya mji huu lakini haikai ndani ya mipaka. Maji yanatoka juu ya Bugando, Isamilo au Mabatini, yanapita viwanja 50, yanaingia Mto Mirongo na kuishia ziwani. Udongo unaochimbwa kwa mmoja unamshukia mwingine. Kibali kinachotolewa kiwanja kimoja kimoja, bila mtu kuuliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi, kinamruhusu mwenye kiwanja kumhamishia jirani tatizo lake.

Tunaeleza kasoro zenyewe, na hazina uzito sawa.

1. Michoro tambarare kwenye mji wa miteremko

Chukueni mafaili kumi ya nyumba za mlimani, mtazame mchoro wa mkato, ule unaoonyesha nyumba na ardhi kwa ubavu. Mara nyingi ardhi imechorwa kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, kana kwamba nyumba inajengwa Kigamboni. Kiwanja cha mita 20 kwa 30 chenye mteremko wa asilimia 25 kina tofauti ya mita 7.5 kutoka juu hadi chini. Hicho ni kimo cha ghorofa mbili na nusu, na kwenye karatasi hakipo.

Mchoraji asipokionyesha, anayeamua ni fundi na dereva wa kijiko. Wanakata upande wa juu mita tatu, kifusi wanakisukuma upande wa chini, kiwanja kinakuwa sawa na msingi unachimbwa. Sasa nusu ya nyumba imekalia mwamba na nusu imekalia kifusi. Mwamba hautitii. Kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 kitatitia kikilowa, na masika mawili yanatosha. Nyufa za mshazari zinazoanzia pembe za madirisha ndiyo dalili yake. Fundi ataambiwa kaiba saruji, wakati kosa lilikuwepo tangu siku mchoro ulipogongwa muhuri.

Kuna pia majabali. Uzuri wa Mwanza ni mawe yake, na Jiwe la Bismarck linapigwa picha na kila mgeni, ila jiwe lililo juu ya kiwanja cha mtu halihitaji picha, linahitaji kuulizwa. Limekalia nini: mwamba mama, mawe mengine, au udongo? Mchimbaji atakata udongo unaolishikilia? Maji ya mvua yanapita chini yake? Granaiti ya hapa huoza kwenye nyufa na kuacha mchanga laini kati ya jiwe na jiwe. Mchanga huo ukioshwa, jiwe la tani nyingi linabaki limeegemea mwenzake kwa sehemu ndogo kama sahani. Hakuna fomu ya maombi ya kibali tuliyoiona inayomtaka mwombaji aonyeshe majabali yaliyo juu na chini ya kiwanja chake. Wala hakuna anayeulizwa kama atapasua mawe, na kama atapasua, ni kwa moto, kwa nyundo au kwa baruti.

2. Kuta za kuzuia udongo zisizo na mahali pa kutolea maji

Kwenye mchoro, ukuta huu huandikwa "ukuta wa mawe" na basi. Hakuna upana wa kitako, hakuna kina cha msingi, hakuna matundu.

Hesabu yake ni fupi. Ukuta wa mita tatu unaozuia udongo mkavu wa kawaida unasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 2.7 kwa kila mita ya urefu wake. Udongo huo huo ukijaa maji hadi juu, msukumo unafika karibu tani 5.7. Ukuta haujabadilika wala udongo haujaongezeka. Maji peke yake yameongeza mzigo zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo kuta za mlimani huanguka usiku wa mvua kubwa, na hulalia upande wa chini ambako mara nyingi pamelala watu.

Kinga yake haina gharama ya kutisha. Bomba za plastiki za milimita 75 zipitishwe ukutani kila mita moja na nusu hadi mbili, kwa mlalo na kwa wima. Nyuma ya kila tundu iwekwe kokoto ya sentimita 30 ili udongo usizibe bomba. Juu ya ukuta upite mtaro mdogo unaokusanya maji kabla hayajazama nyuma yake. Kitako cha ukuta wa mawe unaotegemea uzito wake kisipungue nusu ya kimo, na kwenye udongo dhaifu kifike theluthi mbili. Mkaguzi anaweza kuyaangalia haya manne kwa dakika tano akiwa ofisini kwake. Tunalodai ni hizo dakika tano.

3. Mitaro na kalvati zilizokadiriwa kwa macho

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo fedha nyingi za umma zinapopotea.

Mchoro wa barabara ya mtaa unakuja na kalvati, njia ya maji chini ya barabara, la bomba la milimita 900. Ukiuliza kwa nini 900, unajibiwa ndiyo saizi ya kawaida. Kawaida ya wapi? Tuchukue mfano wa bonde dogo la mlimani lenye hekta 40. Zamani, likiwa na nyasi na vichaka, kama theluthi ya mvua ndiyo iliyotiririka. Iliyobaki ilizama ardhini. Leo mlima ni bati, saruji na mwamba uliovuliwa udongo, na robo tatu ya mvua inatiririka. Ikinyesha kwa kasi ya milimita 80 kwa saa, na kwa mteremko huu robo saa inatosha maji yote kukutana chini, kanuni inayofundishwa chuoni inasema hivi: 0.75 mara 80 mara 40, gawanya kwa 360. Unapata mita za ujazo 6.7 kwa sekunde.

Bomba la milimita 900 likilazwa kwa mteremko wa asilimia moja na likiwa safi kabisa linapitisha mita za ujazo 1.8 kwa sekunde. Yanahitajika mabomba manne kwa kazi aliyopewa mmoja. Kalvati la boksi la mita 1.5 kwa 1.5, kwa mteremko huo huo, linapitisha karibu mita za ujazo 9, na hapo kuna akiba ya mchanga na taka. Maana mchanga ukijaa nusu ya bomba, uwezo wake unashuka chini ya nusu, na mabomba ya mjini hayaishi safi. Chupa, mifuko, matawi na godoro chakavu ni sehemu ya maji ya Mwanza, tupende tusipende, na mchoro unaovijua huweka kichujio cha nondo mahali ambapo mtu anaweza kufika na kukisafisha, hauweki chini ya barabara.

Milimita 80 tulizotumia ni mfano tu. Takwimu halisi za kasi ya mvua zitoke kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, na ziandikwe kwenye ukurasa wa kwanza wa hesabu pamoja na mvua ya marudio ya miaka mingapi imechaguliwa, yaani mvua kubwa inayotarajiwa kwa wastani mara moja katika miaka hiyo. Kwa sasa ukurasa huo haupo kwenye mafaili mengi, na mradi unapitishwa hivyo hivyo.

Kasoro nyingine ni kasi. Mtaro wa tambarare shida yake ni kuziba, kwa hiyo tunahimiza maji yakimbie angalau mita 0.6 kwa sekunde yasiache mchanga. Mtaro wa mlimani shida yake ni kinyume: maji yanakimbia mno, yanachimba kitako cha mtaro, yanaruka kwenye kona na kuingia ndani ya nyumba. Unahitaji ngazi, mtaro ushuke kwa vidato vinavyovunja nguvu ya maji, na kila mwisho wa kalvati uwe na sakafu ya mawe yaliyopangwa kwa saruji. Bila sakafu hiyo shimo linachimbika mdomoni mwa kalvati, linarudi nyuma kidogo kidogo, kisha barabara inakatika. Barabara za mawe zilizojengwa kwenye baadhi ya milima yetu zimeonyesha kwamba jiwe la hapa hapa linahimili mteremko ambao lami nyembamba inaoshwa. Ajabu ni kwamba michoro mipya ya mitaa ya mlimani inazidi kuja na lami, kwa sababu lami inapendeza siku ya uzinduzi.

Halafu mtaro unaishia wapi? Kwenye michoro mingi unaishia ukingoni mwa karatasi. Mshale mdogo na neno "kutoa maji". Nje ya karatasi pana nyumba ya mtu.

4. Makorongo yaliyopewa namba za viwanja

Urasimishaji wa makazi ni jambo jema na tuliushiriki. Hata hivyo mchoro wa mipango unaochorwa kwa kufuata nyumba zilizopo, bila kupima njia za maji, unalifanya korongo kavu kuwa nafasi wazi, na nafasi wazi hupewa namba. Mwenye namba anapata hati, mwenye hati anaomba kibali, na mpitisha kibali hana pa kukataa kwa kuwa karatasi zote ziko sawa. Korongo lenyewe likijaa Aprili halina habari kwamba lilirasimishwa.

Njia ya maji ipimwe kwanza, kabla ya viwanja, na iandikwe kwenye mchoro kama hifadhi ya umma yenye upana wake. Pale ambapo namba imeshatolewa, halmashauri ibebe kosa lake: itafute kiwanja mbadala au ilipe, isimwachie mwananchi aliyefuata utaratibu.

5. Maji taka juu ya mwamba

Sehemu kubwa ya nyumba za mlimani haijafikiwa na mtandao wa majitaka. Mchoro unaonyesha duara mbili: karo na shimo la kunyonya. Kwenye mchanga, shimo hufanya kazi. Kwenye granaiti iliyo mita moja chini, shimo ni tangi lenye nyufa, na maji yake yanatokeza kwa jirani wa chini, kisha mtaroni, kisha ziwani, ambako ndiko mji wote unakochota maji ya kunywa.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Chimba tundu la sentimita 30 kwa 30 hadi kina ambacho shimo litafika, jaza maji, acha yalowe usiku kucha. Asubuhi jaza tena, shika saa, angalia maji yanashuka sentimita 2.5 kwa dakika ngapi. Yakizidi dakika 60, hapo shimo la kunyonya lisiruhusiwe. Mwombaji afunge karo lisilovuja mahali ambapo mpira wa gari la majitaka unafika, au aunganishwe na mabomba madogo yanayoshuka mlimani kama yaliyokwisha kulazwa kwenye baadhi ya mitaa yetu. Afisa afya anayesaini mchoro bila matokeo ya kipimo hiki anasaini duara mbili tu.

6. Mita 60 zinapimwa kutoka wapi?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na wote tunakinukuu. Swali ambalo halijibiwi ni ukingo wa lini. Ziwa Victoria halitulii. Mwaka 2006 lilishuka sana hadi mialo ikabaki mbali na maji. Mei 2020 likapanda kufikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Kati ya vipindi hivyo viwili kuna tofauti ya zaidi ya mita mbili za kimo. Kwenye ufukwe wenye mteremko wa asilimia mbili, mita mbili za kimo ni mita 100 za ardhi. Aliyepimiwa mita 60 mwaka wa ukame yuko majini mwaka wa mafuriko, na hati yake mkononi.

Dawa ni kupima kwa kimo. Halmashauri itangaze kimo kimoja cha juu cha ziwa kutokana na kumbukumbu za miaka yote, mpima ardhi akihamishie kwenye alama za zege kila kata ya mwambao, na mita 60 zianzie hapo. Hakuna mchoro wa hoteli, gati, kiwanda cha samaki au nyumba ya mtu upokelewe bila kuonyesha kimo cha sakafu ukilinganisha na alama hiyo. Agizo hili liwabane wakubwa kama linavyowabana wavuvi. Mabanda ya dagaa huondolewa kwa siku moja; kuta za mawe zilizoingia ziwani tunaambiwa zina mchakato.

7. Barabara inayokatwa kabla rangi haijakauka

Hili linajulikana, tutalipitia haraka. Barabara inawekwa lami, kisha bomba linapita. Kibali cha kukata barabara kinatolewa bila masharti ya kufukia, mfereji unajazwa udongo ule ule uliotoka, unapigwapigwa kwa nyuma ya koleo, na baada ya mwezi umedidimia. Masharti yaandikwe kwenye kibali chenyewe: bomba lilazwe juu ya mchanga wa sentimita 10, kifuniko juu yake chini ya njia ya magari kisipungue sentimita 90, kufukia kuwe kwa tabaka za sentimita 15 zilizoshindiliwa kwa mashine, utepe wa tahadhari uwe sentimita 30 juu ya bomba. Mkandarasi aweke dhamana itakayorudishwa baada ya msimu mmoja wa mvua. Na mchoro wa jinsi bomba lilivyolazwa kweli urudishwe ofisini, kwa kuwa bomba lisilo na mchoro ndilo linalopasuliwa na kijiko cha mradi unaofuata.

8. Safari ya faili

Mwombaji anaambiwa arekebishe jambo moja. Anarekebisha, anarudi. Anaambiwa la pili, ambalo lilikuwepo tangu mwanzo. Kisha la tatu. Maelekezo mengi ni ya mdomo, na ya mdomo hayana tarehe wala mwenyewe. Mfumo wa mtandaoni umepunguza foleni lakini haukumaliza ugonjwa: faili linaonyesha "linashughulikiwa" na haliendi kokote.

Kibaya zaidi, kibali kikishatoka ofisi inasahau. Hatua za ukaguzi wa eneo zinajulikana: mashimo ya msingi kabla ya zege, nondo kabla ya kufunikwa, kila sakafu ya ghorofa kabla ya kumwagwa, matokeo ya tofali za majaribio za zege za milimita 150 kwa siku 7 na siku 28. Jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka Machi 2013. La Kariakoo likafuata Novemba 2024. Hapa kwetu ukaguzi unaoonekana zaidi ni alama ya X nyekundu, nayo hupigwa jengo likiwa limefika lenta. Mtu aliyekwisha kumwaga fedha zake hadi lenta habomoi, anatafuta mtu wa kuzungumza naye. Mnajua mazungumzo hayo huishia wapi.

Tunayajua pia majibu tutakayopewa.

Mtasema wataalamu ni wachache. Ni kweli, na wachache hao wanatumia muda ule ule kwa banda la vyumba viwili kwenye tambarare ya Buhongwa na kwa ghorofa tano kwenye mteremko wa Isamilo. Pangeni mafaili kwa hatari. Nyumba ya chini kwenye mteremko usiozidi asilimia 8, mbali na korongo na ziwa, ipite haraka kwa orodha fupi. Muda mtakaookoa upelekwe mlimani.

Mtasema kupima kontua, yaani vimo vya ardhi, kutamwongezea mwananchi mnyonge gharama. Kwa nyumba ndogo hatudai kifaa cha kisasa. Mpira wa maji unaopitisha mwanga, wa mita 20, ule ule fundi anaotumia kusawazisha msingi, pamoja na futi kamba, unatoa vimo vya pembe nne za kiwanja na katikati yake kwa asubuhi moja. Vimo vitano vilivyoandikwa kwenye mchoro ni bora kuliko mstari wa rula.

Mtasema fungu halijatoka. Kalvati dogo linalobomoka na kujengwa upya kila baada ya masika machache linakula fungu lile lile kwa awamu. Nchi iliyomudu kuvusha Daraja la J.P. Magufuli juu ya Ghuba ya Mwanza, kilomita tatu za maji, haiwezi kusema imeshindwa na kalvati la mtaa.

Mtasema wananchi ni wabishi, wanajenga bila kibali. Wapo. Lakini kibali kikichukua muda mrefu kuliko kujenga nyumba yenyewe, ubishi unakuwa na hesabu ndani yake.

Na mtasema mpango kabambe upo. Upo, tumeusoma. Mpango unaonyesha rangi za matumizi ya ardhi. Hauonyeshi maji ya hekta 40 yanapita wapi saa kumi jioni mvua ikinyesha. Kazi hiyo ni ya mpitisha mchoro.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo:

(a) Kuanzia sasa, mchoro wowote wa mteremko unaozidi asilimia 8, wa kando ya korongo au wa mwambao usipokelewe bila ukurasa mmoja wa maji: yanaingia wapi, kiasi gani, yanatoka wapi, na nani yuko chini yake. Mwenyekiti wa mtaa athibitishe kwamba huyo wa chini ameonyeshwa.

(b) Ukuta wa kuzuia udongo unaozidi mita 1.5 uwe na mchoro wake na hesabu zake, zenye muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

(c) Hesabu za kila mtaro na kalvati la mradi wa umma zibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa kata siku 14 kabla ya kupitishwa. Watu wa mtaa wanajua maji ya mwaka jana yalifika dirisha gani. Takwimu hiyo hamna popote ofisini.

(d) Kasoro zote za mchoro zielezwe kwa maandishi, kwa mara moja, zikiwa na jina la cheo na tarehe. Lisiloandikwa mara ya kwanza lisiwe sababu ya kurudisha faili mara ya pili, isipokuwa linagusa usalama wa watu.

(e) Kila eneo la ujenzi liwe na bango lenye namba ya kibali, idadi ya ghorofa zilizoruhusiwa na tarehe za ukaguzi uliofanyika. Idadi ya ghorofa iandikwe kwa herufi kubwa, ili hata dereva wa bodaboda anayepita aweze kuhesabu.

(f) Alama za kimo cha ziwa zijengwe kabla ya masika yajayo, na utoaji wa vibali vipya ndani ya eneo lenye utata usimamishwe hadi zitakapokamilika.

(g) Halmashauri, wakala wa barabara, mamlaka ya maji na shirika la umeme wakae meza moja mara moja kila robo mwaka na kutoa kalenda ya pamoja ya uchimbaji.

Kwa (a), (b) na (d) hakuna haja ya bajeti wala ya kusubiri Bunge. Ni maelekezo ya ukurasa mmoja yanayoweza kusainiwa wiki hii. Tupo tayari kuandaa rasimu ya orodha ya ukaguzi na kukaa na wakaguzi wenu siku mbili bila posho, kwenye mafaili halisi, tukianzia na yale yaliyokaa muda mrefu zaidi.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, likieleza kwa kila herufi hapo juu: limekubaliwa, limekataliwa na kwa nini, au litaanza lini. Jibu lolote litakalokuja tutalisoma mbele ya wananchi wa mitaa husika kama lilivyo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Wahandisi, wapima ardhi, wachoraji na mafundi sanifu,
Mwanza.

Nakala:
Mkuu wa Mkoa
Waheshimiwa madiwani wa kata za mlimani na za mwambao
Wenyeviti na watendaji wa mitaa, kwa kubandikwa kwenye mbao za matangazo